Moto Huu Huzaa Maji

Saa kumi na mbili alfajiri, simu ya Bi Eluned:
"Boila langu limekufa. Kabla ya kufa lilikoroma."
Nikabeba begi. Mji wa Blaenau ulikuwa umeganda
hadi kwenye bawaba za milango,
na kila nyumba ilitoa ubavuni kijiwingu cheupe
isipokuwa yake.

Nilimkuta jikoni ndani ya makoti mawili
na kofia ya marehemu mumewe.
"Tangu ulifunge halijaacha kulia," akasema.
"La zamani lilikuwa kavu kama mhubiri.
Hili linachuruzika mchana kutwa kwenye kile kibomba,
na Meredith wa jirani amenuna,
eti mvuke wangu unamwoshea dirisha bila kibali."

Nikamweleza, magoti sakafuni, bisibisi mdomoni:
la zamani lilikuwa badhiri.
Lilipasha chumba kimoja, kisha likarusha juu
moshi ungali mkali,
kunguru wakaota kwenye dohani kwa pesa zako.
Hili ni bahili. Huukamata moshi mlangoni,
huupekua mifuko,
huupooza kwa maji yanayorudi kutoka vyumbani,
na chini ya nyuzi hamsini na tano, au karibu na hapo,
moshi husalimu amri, ukatua mzigo:
maji, tone kwa tone,
na joto lililojificha ndani ya mvuke
hubaki nyumbani.

Tumezoea kusema moto huzaa jivu.
Huu huzaa maji.

"Ya kunywa?"
Si ya kunywa, Bi Eluned. Yana uchachu wa siki,
hula saruji, hula chuma,
polepole, kama riba.

Akanyamaza. Kisha akanipandisha ghorofani,
akasukuma kabati kwa nyonga.
Nyuma yake, ukutani, palipopita dohani ya kale,
doa la rangi ya chai.
Ifor ndiye aliyeunganisha jiko la gesi mle, mwaka wa harusi yao,
akaona dohani ya babu yatosha, ya nini kuivika bomba ndani?
Moshi ukapanda, ukakutana na jiwe baridi njiani,
ukageuka maji gizani.
Kwanza doa la sahani. Kisha sinia.
Kisha kondoo mzima, na masikio.
Kila Pasaka alilipaka chokaa,
kila mavuno lilirudi.

"Naye alikuwa hivyo hivyo," akasema.
"Miaka thelathini ya vumbi la mgodi kifuani.
Sikumwona akilia hata siku alipozikwa kaka yake.
Yote yaliingia ukutani."

Sikuwa na spana ya hilo.
Nikarudisha kabati. Nikatoka nje.

Na huko nje nikakuta kosa, na kosa ni langu.
Kibomba cha maji taka ya boila,
chembamba kama kidole gumba,
nilikilaza mwenyewe ukuta wa kaskazini mwezi wa tisa,
bila kukivisha sponji,
kwa kuwa kulikuwa na mechi saa tisa na nusu.
Kimeganda. Maji yamekosa njia,
yamerudi tumboni mwa boila, likajizima kwa hofu ya kuzama.
Lile koromo lilikuwa hilo.

Birika. Maji ya moto, si ya kuchemka.
Nikamimina kuanzia chini, nikipanda,
kiwiko kwa kiwiko,
mpaka barafu ikateleza nje nzima nzima,
fimbo ya kioo, ikavunjika vipande vitatu kwenye theluji.

Ndani, kitu kikabofya. Kikakohoa.
Kikashika.

Nilimwambia hakuna malipo, na sababu nikamwambia.
Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.
Nikaahidi bomba nene zaidi, na sponji, Jumanne.

Wingu likaanza kutoka ubavuni,
likaelekea moja kwa moja dirishani kwa Meredith,
pazia la kule likatikisika.
Bi Eluned akavua kofia, akaipunga.

"Acha lilie," akasema. "Lilie nje, hadharani."
Kisha akauliza kama kondoo wa ukutani
anaweza kuhamishwa bila kuumizwa.
Sikujua kama anatania.