Meza Namba Kumi na Nne

Mwaloni Kirumba, ofisi ya mizani, saa mbili asubuhi.
Printa mpya inawaka kijani, karatasi tele tumboni,
na risiti hazitoki.
Nje wachukuzi wanasonya.

"Fundi," asema Nyamizi, "si umeipa namba ile ile?"
Nimeipa. Kumi na nne, kama ya ile iliyokufa Jumamosi
kwa vumbi la dagaa na umeme wa kukatikakatika.
Lakini namba ni ya kiti, dada, si ya mkaaji.
Printa ina jina lake, jozi sita za herufi na tarakimu,
limechanjwa kiwandani kama chale;
uihamishie Nansio, uihamishie Geita,
namba utaibadili, chale itakwenda nayo.

Tazama gunia lile. Limeandikwa SHINYANGA kwa rangi nyekundu.
Toka Ukara alilibeba Magoma,
gatini akalipokea Kashinje,
Kashinje atampa utingo ambaye hata simjui.
Kila mgongo unaujua mgongo unaofuata, basi.
SHINYANGA haifutiki njiani;
migongo ndiyo inayobadilika.

Na humu ndani, kabla ya kubebesha, kompyuta hupaza sauti,
chumba kizima kisikie:
Kumi na nne ni nani?
Wote husikia. Mmoja tu hujibu:
Mimi, na chale zangu hizi.
Nayo huziandika kiganjani, isiulize ulize,
na baada ya muda mfupi hujifutia yenyewe.

Ila hapa kuna mtu, fundi aliyenitangulia,
aliandika kwa mkono, akaamuru lisifutwe:
kumi na nne ni fulani, daima.
Fulani yuko stoo, chini ya turubai.
Tangu alfajiri anaitwa yeye,
anapelekewa uzito wa magunia ya watu,
naye kimya.

Nikaufuta mstari ule. Mmoja tu.
Kompyuta ikauliza upya, kama mgeni.
Ikajibiwa.
Risiti kumi na moja zikatoka kwa mkupuo, za moto,
Nyamizi akazidaka kwa kanga.

Nilikuwa bado nakunja kebo
sauti ilipoingia dirishani, ya mzee mwenye gunia begani:
"Lugata! Lugata, nipimie!"

Lugata tulimzika masika yaliyopita.
Nyamizi alinitazama kidogo,
akavuta kiti mbele.
"Abee," akaitika,
akanyoosha mkono.