Moja, Kisha Tisa

Opeli yangu ya mwaka tisini na saba
ina desturi: ikishapata joto, inazima.
Haikohoi, haitetemeki.
Inazima kama mtu anayekata simu
katikati ya neno.

Daima kona ileile, juu ya Vanadzor,
ndoo saba za asali nyuma,
malori yakinipigia honi kana kwamba nimependa.
Naisukuma pembeni, nafungua boneti, nangoja.
Baada ya dakika ishirini inawaka
bila hata kuomba radhi.

Dakika ishirini ni kahawa moja.
Najua, kwa sababu nyumba ya pale konani ni ya Tsovinar.
Mara ya kwanza alitoka na koti la marehemu mumewe mabegani
kuuliza kama nataka maji ya rejeta.
Mara ya pili hakuuliza.
Alikuja na birika la shaba na vikombe viwili.

Fundi wa kwanza alibadili pampu ya mafuta.
Wa pili, plagi zote nne na nyaya zake.
Wa tatu aliisikiliza kwa macho yaliyofumbwa,
akasema ni petroli ya siku hizi,
akapokea pesa za siku hizi.
Wote waliipima ikiwa baridi:
mgonjwa amefika hospitali, homa imeshashuka.

Hamazasp, jirani, alitengeneza lifti za kiwanda
mpaka kiwanda kikafungwa, lifti zikabaki juu.
Yeye hakugusa boneti.
Aliomba kibanio cha karatasi,
akakinyoosha, akakichomeka matundu mawili chini ya dashibodi.
"Arpenik, washa swichi, usipige stata. Hesabu."

Taa ya injini, ile niliyoifunika kwa plasta,
ikapepesa moja na mbili, ambayo ni salamu tu.
Kisha: moja. Kimya. Tisa.
Moja. Kimya. Tisa.
Kama mtoto anayerudia jina lake mbele ya mgeni.

Nyuma ya injini, akasema, karibu na chujio la oili,
kuna kihisi kisichozidi kidole gumba.
Kinahesabu meno ya gurudumu la krenki,
na mahali jino lilipokosekana, hapo ndipo kinaposema.
Pengo ndilo linaloiambia cheche: sasa.

Bolti moja tu.
Bolti moja, na kutu ya miaka ishirini na saba.
Tulilala juu ya kadibodi kwa zamu, saa mbili nzima,
kikatoka na ngozi ya kidole changu.

Mita ikasoma omu mia tano na arobaini.
"Kizima," nikasema.
"Lete kikausha nywele."
Nikaazima ghorofa ya tatu.
Mezani, kati ya mkate na chumvi, tukakipulizia hewa moto:
mia sita, mia saba,
kisha ile moja ya upweke pembeni mwa kioo,
maana yake, njia hakuna.
Tukakiacha kipoe. Kikapona.
Waya umekatika ndani, unene wa unywele;
joto linautenganisha, baridi inauunganisha.
"Wengi tuko hivyo," alisema Hamazasp,
akasugua goti lake.

Kipya kilitoka Yerevan ndani ya soksi ya mpwa wake.
Pete ya mpira, tone la oili, bolti,
waya ukafungwa mbali na ekzosi.
Nusu saa, pamoja na sigara yake.

Alhamisi nikapanda mlima na asali.
Joto la Agosti. Kona ikaja, kona ikapita,
gari halina habari.
Kwenye kioo nikamwona Tsovinar mlangoni,
birika mkononi, akitazama mgongo wa gari langu.

Nikageuzia mbele, penye machimbo ya mawe.
Nikarudi.
Nikazima mwenyewe, kwa ufunguo.

"Bado bovu?"
"Bado."
Nikafungua boneti,
uongo upate hewa.