Mapazia ya Saa Moja

Nilipohamia hapa, mwenye nyumba alinionya kwa neno moja:
"Kimya."
Nikadhani anausifu mtaa.

Tororo, upande wa nyuma wa mwamba.
Mtaa unaitwa Sinia, wala hakuna karamu.
Nyumba kumi na moja walizojenga Waingereza
kwa mabwana wa reli,
na madohani ya moto
ambao joto letu halikuwahi kuuomba.
Mabwana waliondoka. Garimoshi nalo likachoka.
Makarani waliorithi funguo
sasa wana miaka themanini na meno ya bandia,
na mimi, thelathini na mbili, ndiye mtoto wa mtaa,
ndiye anayeitwa kupanda ngazi kila balbu inapoungua.

Hapa mlango haubamizwi.
Hata jogoo wa Bi Asekenye huwika mara moja,
kisha hujikohoza
kama mtu aliyeropoka kanisani.
Michongoma hukatwa kwa kamba na pimamaji.
Wangu niliuacha uote wiki mbili tu,
mzee Othieno akaja na panga lililofungwa gazetini,
akanikabidhi kwa mikono miwili,
akasema habari za mvua,
akaondoka.

Saa moja usiku redio zote kumi husoma vifo.
Idhaa moja, sauti moja, dirisha hadi dirisha;
naweza kutembea toka kwa Obbo mpaka kwa Wandera
nisipoteze hata jina moja la marehemu.
Wandera ana daftari.
Akisikia mtu wa reli, huchora mstari.
Usiniulize zimebaki kurasa ngapi.

Mwezi wa kwanza nililia kelele.
Natoka kiwanda cha saruji alfajiri, vumbi kwenye kope,
masikio bado yanasaga mawe,
halafu kimya hiki kinanikalia kifuani.
Nikanunua spika. Jumamosi moja nikaiwasha.
Hakuna aliyelalamika.
Walikuja tu, mmoja mmoja, wamevaa viatu vya ibada,
kuuliza kama kuna arusi, kama mwaliko wao ulipotea.
Spika sasa naiwekea pasi.

Kisha ile Jumatano.
Zamu mbili mfululizo, nikalala na viatu.
Nafumbua macho saa nne: watu watatu kando ya kitanda.
Othieno ameshika ufunguo wa akiba
ambao sikujua kama upo.
Bi Asekenye ameinama, kioo kidogo cha mkobani
karibu na pua yangu.
"Kina mvuke," akasema,
akakifuta kwa leso, akakirudisha.
Wandera akafunga daftari.
"Pazia," Othieno akasema, na alikuwa amekasirika kweli,
"pazia lako, kijana! Saa moja limefungwa.
Saa mbili limefungwa.
Ulitaka tufikirie nini?"

Ndipo nilipoanza kujifunza kusoma.
Pazia la kijani, la Asekenye, saa kumi na mbili na nusu.
La Wandera, nusu tu, kwa sababu ya jicho.
La Obbo hukawia siku za baridi, magoti yake hayaamki pamoja.
Mtaa mzima huhesabiana kwa kitambaa,
bila hodi, bila "umeamkaje,"
maana swali lile, kwa umri huu,
mtu anaweza kulijibu.

Sasa nikitoka zamu, macho yamejaa mchanga,
kabla sijavua viatu nafungua pazia,
kisha nalala kwenye mwanga, taulo usoni.
Nanung'unika, sikatai.
Jua la Tororo halijui mtu wa usiku.

Leo ni saa moja na dakika ishirini.
La Obbo bado.
Nimesimama na kikombe, chai inaota ngozi.
Ng'ambo namwona Othieno dirishani,
naye na kikombe chake.
Hatupungiani mkono.
Labda ni magoti tu.
Jana kulikuwa na baridi, au sivyo?
Nampa dakika tano.

Othieno ameshaondoka dirishani.
Nasikia droo yake inavutwa, na vyuma vinagongana:
anatafuta ufunguo.
Naweka kikombe juu ya spika.
Nafunga kamba za viatu.