Dhima Yenye Kikomo

Miezi minane sasa natibu watoto hapa Ibra,
nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya duka la matairi,
na pesa zangu zote hulala mkoba mmoja:
riali ya kikohozi juu ya riali ya unga,
kodi ya pango imekumbatiana na ada ya shule ya Hilali.
Risiti naziweka kwenye kopo la halua.
Kila nikilifungua zanukia zafarani
na mimi nasinzia.

Binamu yangu Mbaruku alisema, nipe mimi hesabu.
Bure, alisema, sisi damu moja.
Huyu ameshafunga maduka mawili
na bado asema ni soko lilikuwa na homa.
Nikamwambia, Mbaruku, damu mimi huipima kwanza.
Akacheka.
Mama yake hakucheka. Hadi leo hanipigii simu.

Basi nikashuka Maskati.
Ghala kuna jengo la vioo, kahawa ya kikombe cha karatasi,
kijana wa tai ya samawati akanichorea masanduku na mishale:
kampuni mama, chini yake kampuni binti.
Nikauliza, na mjukuu je?
Hakujua kuwa natania.
Saa yake moja, kwa bei zangu,
ni homa kumi na moja na tumbo la kuendesha.

Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya fundi saa,
nikamkuta Bwana Kuruvilla,
miaka thelathini na mmoja kwenye meza ileile.
Kiswahili alichofunzwa na tajiri wake wa kwanza
ni maneno mawili: deni, na kesho.
Yaliyobaki tukayasukuma kwa Kiarabu, chake kibovu, changu cha nyumbani.
Hakunipa kahawa. Alilimwaga kopo mezani,
akazipanga risiti kama muuguzi apangavyo vyombo,
kisha akainua miwani:
Daktari, wewe na zahanati ni mtu mmoja au wawili?

Nikanyamaza kama mgonjwa.

Akaeleza. Ukibaki wewe tu, jina lako kwenye sijili,
kosa la zahanati litakuja kubisha nyumbani kwako,
litakaa kwenye busati, litahesabu mpaka bangili.
Ukifungua kampuni, hata ya mtu mmoja,
pana ukuta: mali yake kule, yako huku.
Ila ukuta hutaka chokaa kila mwaka,
mahesabu, ada, mihuri,
na usiutoboe ukienda kuchukua hela ya maziwa.
Dhima yenye kikomo, alisema,
na kwa kidole akapiga mstari kwenye vumbi la meza.

Nikautazama mstari ule.
Nikamkumbuka mtoto wa Wadi Bani Khalid,
shingo imekaza, mama yake akisema ni meno tu,
na mimi, saa tano usiku, nimechoka,
nikikaribia kumwamini.
Alipona. Anacheza mpira.
Lakini mimi bado huamka nikaipapasa shingo ile gizani.
Kampuni gani itaamka badala yangu?

Sikusema kitu. Labda alinisoma usoni.
Hilo silo langu, alisema, hilo halina fomu.
Mimi nakulindia nyumba tu.

Nadhani hapo ndipo nilipomchagua.
Au baadaye kidogo, alipouliza
viduara hivi pembezoni mwa daftari ni nini,
nikasema, ni wasiolipa.
Nikangoja atikise kichwa.
Waandike, alisema. Jina, siku, sifuri.
Sifuri nayo ni tarakimu.
Usipoiandika, mwisho wa mwaka utadhani umeibiwa.

Nimerudi Ibra na daftari mbili
na mkoba uliopungua uzito.
Kampuni imesajiliwa, ina jina zuri kuliko langu.
Juzi iliniajiri. Mshahara si mkubwa.
Leo nimeiandikia barua, kwa adabu zote,
kuomba likizo ya siku mbili.
Sijajijibu.