Dirisha Linafungwa Saa Sita Usiku

Mimi ndiye ninayejua alama za watoto wa Ngamiani.
Si mwalimu, si kadhi, si mganga.
Nina kompyuta mbili, mashine ya kurudufu inayokohoa,
na kibao cha rangi ya mafuta: STESHENARI NA MAOMBI YA VYUO,
Barabara ya Tisa, ukishampita fundi cherehani.

Yakitoka matokeo wananijia na namba za mtihani
wamejiandika kiganjani, juu ya hina ya Idi iliyofifia.
Nawasomea. Nimejifunza kusoma bila uso.
Hesabu yenyewe imepinduka: mwenye chache ndiye tajiri,
tatu ni sultani, tisa ni mpagazi,
na mama zao huniuliza, "Kwani tisa si kubwa kuliko tatu?"
nami nakosa pa kuanzia.

Mwaka huu Hatibu wangu alipata tano.
Tano! Nilifunga duka mchana kweupe, nikapika pilau.
Magharibi haijaingia, mtaa mzima unamwita Dokta,
na jirani mmoja akampandishia suruali amwonyeshe jipu.

Kisha akaja Mwantumu, binti Shemhilu,
wa yule mama anayefua mashuka ya wodi kule Bombo.
Nne.

Siku ya mwisho alifika saa tatu na nusu usiku,
vyeti ndani ya mfuko wa sukari,
ada ya maombi ikiwa imefundikwa ncha ya leso ya mamake.
Chuo kile kile. Udaktari ule ule.
Na nafasi zile ni kama ukoko:
sufuria moja, vijiko vya nchi nzima.

Nikamjazia. Jina, shule, kijiji alikozaliwa babake.
Mtandao ukaanza kuburura miguu.
Shetani wa Tanga hana pembe, ana adabu;
alivuta kigoda akaniambia taratibu,
"Hujaambiwa ukatae. Sema tu mtandao umekata.
Mara ngapi umekata kweli?"

Sikutakiwa kutenda baya.
Nilitakiwa nisitende kitu.

Kidole kikakaa juu ya kipanya.
Nikamtazama mikono, imechubuka kwa dawa ya madoa,
maana Jumamosi humsaidia mamake.
Akaniuliza, "Mama Hatibu, naye Hatibu keshatuma?
Asije akachelewa."

Nikabofya.

Majina yalitoka siku ya Alhamisi.
Lake lilikuwemo.
La mwanangu nililitafuta kwa H, nikalitafuta kwa ukoo,
nikalitafuta kama mtu atafutaye sindano
aliyokwisha kuikalia.
Walimpa chaguo la tatu: maabara.

Watu wa mtaani wana hesabu zao.
"Ungelala mapema usiku ule," kaniambia fundi cherehani.
Lakini mimi nazijua orodha. Aliyekalia kiti cha Hatibu
huenda ni kijana wa Ngara, au wa Masasi,
mtoto wa mama mwingine mwenye sufuria yake,
wala hatajua kama kuna Barabara ya Tisa.

Hatibu hakulia. Alimenya chungwa la Muheza,
ganda likashuka kamba moja bila kukatika,
halafu chungwa lenyewe hakulila.
Akasema, "Nilikuwa nyuma ya pazia, mama.
Dakika kumi na moja. Nilikuwa nahesabu."
Nikanyamaza.
"Na mimi sikutoka kukwambia utume."

Hilo ndilo tunalogawana sasa, yeye na mimi,
pamoja na chumvi na bili ya umeme.

Mwantumu alikuja asubuhi ya safari.
Waja leo, waondoka leo, wasema wenyewe wa Tanga,
ila huyu alikuwa wetu, na basi lilikuwa la saa kumi na mbili.
Alitaka nakala sita za kila cheti.
Hatibu ndiye aliyesimama kwenye mashine,
akaupangusa ukurasa wa pointi nne kwa kiwiko cha shati,
akaulaza kiooni, kifudifudi,
akashusha kifuniko polepole,
kama mtu amfunikaye mgonjwa.

Mashine ikakohoa.
"Hiyo pafu," akasema Hatibu, na Mwantumu akacheka,
na mimi nikatafuta chenji ambayo hakuna aliyeidai.