Ukuta wa Magharibi, Ofisi ya Ardhi

Zamani ukuta huu ulikuwa jiko.
Saa tisa mchana ukiweka kiganja, unakitoa upesi
kama mdokozi aliyegusa sufuria ya jirani.
Sisi wa masjala tulikaa nyuma yake,
majalada yakijikunja pembe,
gundi ya bahasha ikiachia yenyewe
na siri za watu zikichungulia.

Ndipo wakaja na viunzi, na mifuko ya kitambaa cheusi
elfu moja mia mbili na minne
(niliihesabu, ndiyo kazi yangu),
na mpira mwembamba uliotobolewa kila shubiri,
na lori la miche kutoka mahali penye ukungu:
makangaga, na maua ya zambarau
ambayo msimamizi mwenyewe aliyataja kwa kusoma kibandiko.
Utepe ukakatwa. Tukapigwa picha. Soda zikaisha.

Mwezi wa nane haukualikwa, ukaja.
Unaujua upepo wa Dodoma:
huchota vumbi la Kikuyu, ukaenda kulimwaga Chang'ombe,
kesho ukalirudisha kana kwamba ulikosea anwani.
Ulipekua mfuko mmoja mmoja kama mlinzi wa lango.
Maji ya mgao yakawa siku mbili kwa juma,
kisha moja,
kisha tukawa tunasikia mpira ukipumua tu.
Makangaga yalikauka yakiwa wima, kwa adabu,
kama watu wanaosubiri kuitwa dirishani.

Hakuna aliyeandika barua.

Mchiwa, anayefagia ngazi,
alikuja Jumatatu na fundo kwenye pindo la kanga:
mbegu za mlenda wa porini, wa Mvumi kwa mama yake.
Hakuomba kibali. Alipanda ngazi ya fundi umeme,
kidole mfukoni, mbegu, kidole, mbegu,
udongo akiulowesha kwa maji aliyosuuzia dekio.
Nilimwona.
Nikajifanya natafuta jalada.

Mvua ya Desemba ilipiga kwa ubavu, ukuta ukanywa.
Siku ya tisa ulikuwa na ndevu.
Siku ya thelathini nyuki walikuwa na njia yao.
Kipimajoto sina; nina gundi:
bahasha zilibaki zimefungwa.

Mama Ndahani wa Hombolo, safari yake ya nne kudai hati,
aliambiwa arudi Alhamisi.
Akatoka, akatazama juu, akatazama kushoto,
akachuma mpaka khanga ikajaa.
"Leo angalau," akasema, "ardhi imenipa kitu."

Likatoka tangazo, herufi kubwa, mhuri wa bluu,
likapigiliwa katikati ya majani:
MARUFUKU KUCHUMA MBOGA.
Mlenda haujui kusoma. Ulitambaa kutoka kushoto,
ukameza neno la kwanza, ukauma la pili,
na hadi mwezi wa tatu kilichobaki ni
CHUMA MBOGA
na mhuri.
Watumishi wa umma hutii maandishi.
Hata mkuu, nilimwona jioni moja na mfuko wa mkate.

Sasa ni Juni. Ukuta umerudi rangi ya ugoro,
vitumba vinapasuka, tik, tik, nyuma ya kiti changu.
Nimefungua jalada jipya, sijalipa namba.
Ndani yake mna bahasha moja,
nimeilamba mwenyewe,
na ukiitikisa karibu na sikio
inasikika kama mvua iliyo mbali sana, upande wa Mvumi.