Wasia wa Mzee wa Maranda

Tumemshona tangu asubuhi.
Miguu ni suruali ambayo baba alistaafu nayo,
tumbo ni maranda ya karakana ya Segundo Quizhpe,
kichwa mfuko wa saruji, masharubu brashi ya viatu.
Tumemkalisha mlangoni, mguu juu ya mguu,
na wapitao Cuenca katika manyunyu ya Desemba
wanamwamkia kama diwani.

Yeye ndiye mwaka. Saa sita usiku tutamchoma.

Lakini mwaka hauondoki bila wasia,
na kalamu ya wasia ilikuwa ya shangazi Nube
miaka ishirini na miwili, hadi macho yalipomwishia.
Leo amenikabidhi mimi, pamoja na onyo:
"Usiandike kama hakimu. Andika kama anayechagua mchele.
Chuya itupe,
ila usisahau kwamba shughuli ni wali."

Nikakaa jikoni na mgongo wa risiti ndefu,
nikaanza, kama kawaida yangu, na mashtaka.
Kilo sita nilizokusudia kupunguza: zipo, zimeleta na wageni wawili.
Kozi ya uhasibu: nimelipia, sikuhudhuria.
Dada yangu Jimena, aliyeko Murcia:
sijampigia simu tangu mazishi ya mama,
kwa sababu ya kabati.
Ndiyo, kabati.

Nube akasikia kalamu inavyokwaruza.
"Hiyo ni chuya tupu. Wali uko wapi?"

Ikabidi nifikiri.
Machi nilimfundisha Wilmer kurudisha gari nyuma,
tukavunja ndoo tu.
Juni niliacha kazi ya yule bwana aliyeniita kwa mluzi.
Agosti, usiku saba hospitalini na baba,
tukicheza karata; akaniibia waziwazi, akapona.
Haya hayakuwa kwenye orodha yangu ya Januari.
Yalikuja bila miadi, yakanikuta nipo.

Saa tano na nusu wajane wakafika:
vijana wa mtaa ndani ya magauni ya mama zao,
ndevu chini ya shela, kamba wameivuta barabarani,
wanaomboleza na kudai madereva sarafu za maziko.
Nikapanda juu ya kreti, nikamsemea marehemu:

Nawaaga walimwengu, muda wangu umekwisha,
Sina mali ya mafungu, wala gari la kuwasha,
Mpeni dereva wangu, ndoo ya kumfundisha,
Mema yaliyonivusha, msiyatie motoni.

Na ugomvi wa kabati, ulazeni kando yangu,
Tuungue kwa wakati, moshi ufike kwa Mungu,
Nadhiri iwe katiti, ienee kwenye chungu,
Na mema ya mwaka wangu, msiyatie motoni.

Wilmer akacheka mpaka akakaa chini.
Baba akampiga mzee teke moja, la heshima,
akawasha kiberiti. Suruali yake ilikuwa ya kwanza kushika.

Kengele zikalia, mabakuli ya zabibu yakapita.
Wengine humeza kumi na mbili kwa nadhiri kumi na mbili,
wakapaliwa na mwaka kabla haujaanza.
Mimi nilikuwa na moja:
Alhamisi, nikitoka kazini, nitampigia Jimena.
Sitaanza na kabati. Nitaanza na mvua.
Kumi na moja zilizobaki nilizila
kwa sababu ni tamu.

Moto ulipokuwa umelala, watu wakiruka majivu,
Nube akapandisha sketi yake ya sufu.
"Niambie, upana wake ukoje?"
"Hatua moja, shangazi."
"Moja naiweza," akasema,
akautafuta mkono wangu.